Kanzu Nyeupe Mtaani Sham Shui Po

Barua pepe ya chuo ilikuwa fupi. Wanafunzi wa kigeni waepuke mikusanyiko, watembee na vitambulisho, na wakitoka nje wasivae nguo nyeusi wala nyeupe. Nyeusi niliielewa. Hong Kong ya Agosti 2019, kila kijana aliyeandamana alivaa nyeusi. Nyeupe ndiyo iliyonikalisha kitako. Ilibidi niulize, nikaambiwa kwamba usiku wa tarehe 21 Julai, katika kituo cha treni cha Yuen Long, genge la wanaume waliovaa fulana nyeupe liliwashukia abiria kwa fimbo, na tangu hapo nyeupe nayo ikawa na kesi. Nami nilikuwa nimetoka Mombasa na kanzu mbili, zote nyeupe, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Nilimpigia mama. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akasema lile ambalo ami, shangazi na wakala aliyenijazia fomu za viza walikuwa wamekwisha kulisema: “Mwanangu, siasa za watu hazikuhusu. Wewe umekwenda kusoma.”

Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu nirudi. Wazazi wanawaambia watoto wanaokwenda Istanbul, Delhi, Khartoum kabla ya vita, popote pale. Huonekana ni busara isiyo na mjadala. Lakini ndani yake yamefungwa mambo mawili kwa kamba moja: usijihusishe, na usijue. La kwanza nalikubali, na nililitii. Mwenye viza ya muhula mmoja hana haki ya kubeba bango katika ugomvi ambao wengine watabaki nao akishapanda ndege. La pili ndilo ninalolikataa. Mgeni asiyejua hubaki mgeni tu, tena mgeni wa hatari, kwake na kwa waliomkaribisha.

Mabweni yalikuwa yamejaa, kwa hiyo mimi na mwenzangu kutoka Lahore tulipanga chumba Sham Shui Po, upande wa Kowloon. Chumba ni kusema tu. Ilikuwa nyumba moja ya zamani iliyokatwa kwa mbao ikawa vyumba vitano, na kitanda changu kilikuwa juu ya kabati la mwenzangu. Sensa ya 2016 ilikuta watu takriban 209,000 wakiishi hivyo mjini humo, katika mji wenye majengo ya kioo yanayopamba kadi za posta. Sham Shui Po ni miongoni mwa wilaya zake maskini kabisa. Jirani yake, Shek Kip Mei, ndiko moto wa usiku wa Krismasi 1953 ulikowaacha watu zaidi ya 50,000 bila makazi, wengi wao wakimbizi waliotoka China bara, na majivu yale ndiyo yaliyoilazimisha serikali ya kikoloni kuanza kujenga nyumba za umma.

Ukishuka ngazi unatokea sokoni moja kwa moja. Mtaa mmoja una vifungo na zipu, mwingine shanga, mwingine vitambaa, mwingine wanasesere. Mtaa wa Apliu ndio niliouzoea kuliko yote. Ni vibanda vya mabati na turubai vilivyopangana katikati ya barabara, vinauza chaja, mafungu ya nyaya, bisibisi, tochi, simu zilizofunguliwa matumbo, rimoti za televisheni ambazo kampuni zake zilishakufa. Aliyewahi kupita Kariakoo akitafuta betri, au Nairobi barabara ya Luthuli, angejua mahali pa kuweka mkono wake mfukoni na mahali pa kukata bei.

Kibanda cha kwangu kilikuwa cha mzee mmoja mwembamba mwenye redio. Nilimwita A Suk kama wote walivyomwita, yaani baba mdogo. Kiingereza chake kilikuwa cha biashara, na wateja wa Kiafrika walikuwa wamemfundisha “bei gani” na “rafiki”, akiyatamka kwa mkupuo kama neno moja. Siku ya kwanza nilimuomba kalamu ya leza, ile ya kuelekezea ubaoni, maana nilikuwa na kazi ya kuwasilisha darasani. Akanitazama usoni, akatazama begi langu. “Mwanafunzi?” Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. “Mwanafunzi, hapana.”

Nilidhani ni rangi yangu. Siku mbili nilimnunia. Mwenzangu wa Lahore ndiye aliyenieleza: tarehe 6 Agosti, siku nne kabla sijatua, polisi wasiovaa sare walimkamata kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Baptist papo hapo Apliu, baada ya kununua kalamu kumi za leza. Polisi walisema ni silaha. Usiku uliofuata mamia ya watu walikusanyika nje ya jumba la makumbusho ya anga wakimulika kuba lake kwa leza za kijani, kwa kejeli. Mzee hakuwa akinibagua. Alikuwa akinilinda, na pengine akijilinda. Kama ningebaki na ushauri wa “usijue”, ningerudi Mombasa na hadithi ya Mchina mbaguzi, na ningeisimulia kwa kiapo.

Jioni ya siku ile barua pepe ilipokuja, Jumatano tarehe 14, ilikuwa mkesha wa sikukuu ya mizimu. Kwa itikadi ya wenyeji, mwezi wa saba wa kalenda yao milango ya kuzimu hufunguliwa na mizimu wenye njaa hutembea mitaani, hivyo hupewa chakula na pesa ili wasisumbue. Jirani wa chini, bibi wa miaka themanini hivi, alikuwa ameweka debe la biskuti kandokando ya barabara na kuwasha moto ndani yake. Alikuwa akitumbukiza noti za karatasi moja moja bila haraka, kama mtu anayehesabu. Pembeni kulikuwa na machungwa matatu na udi. Nilisimama kutazama kwa sababu ya udi. Harufu ilinipeleka nyumbani.

Kelele zilianzia upande wa kituo cha polisi. Huko nako watu walikuwa wamekuja kuchoma karatasi za mizimu, na kwa vile walichagua kuzichoma mbele ya polisi, maana yake haikuhitaji mkalimani. Mara pakasikika mlio ule mfupi wa bomba. Moshi mweupe ulikuja ukipinda kona taratibu. Mama wa duka la vifungo alivuta mlango wake wa bati hadi nusu, akawaita kwa mkono vijana wawili wasiomhusu, wakainama wakaingia. Mimi macho yalikuwa yameshaanza kuwaka. Bibi hakukimbia. Aliinama, akachukua kifuniko, akafunika debe ili moto wa mizimu wake usichanganyike na moshi wa serikali, akajifunika pua kwa ukingo wa blauzi, akangoja.

Ule mlango wa bati uliovutwa nusu niliutambua. Nimezaliwa Majengo. Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo alipouawa kwa risasi barabarani na Mombasa ikawaka, nilikuwa kijana wa shule, na sikujua hatari kwa redio wala kwa polisi. Nilijua kwa muuza viazi karai aliyemwaga mafuta yake mapema, na kwa duka la Mbajuni lililofunga nusu. Kufunga nusu kuna maana yake: ndani bado kuna mtu, mwenye shida apite, lakini jambo lipo njiani. Februari 2014, polisi walipovamia Masjid Musa, milango ile ilifungwa kabla ya saa sita, na aliyejua kuisoma alikuwa nyumbani kwake. Elimu hiyo haimo katika barua pepe ya chuo chochote. Sham Shui Po niliikuta imeandikwa kwa mwandiko uleule.

Ijumaa niliacha kanzu sandukuni nikavaa shati la maua. Msikiti wa Kowloon uko barabara ya Nathan, katikati ya maduka ya saa na dhahabu. Nilipofika nilikuta nusu ya safu ni watu waliovaa nyeupe pepepe, Wapakistani na shalwar kameez zao, Wahausa na kanzu zao, Wasomali. Hakuna aliyesoma barua pepe. Mimi peke yangu ndiye niliyekwenda kuswali nikiwa kama mtalii wa Diani.

Kuanzia mwisho wa Agosti, kila saa nne usiku, mtaa ulianza kusema. Kwanza sauti moja kutoka dirisha la juu, kisha la upande wa pili, kisha jengo zima gizani. Anayeanza huita “watu wa Hong Kong”, wengine hujibu “ga yau”. Neno kwa neno ni “ongeza mafuta”. Huwaambia hivyo wachezaji mpira, wanafunzi kabla ya mtihani, mgonjwa kabla ya upasuaji. Ni kama sisi tunavyomwambia mtu akaze. Nililala nalo wiki kadhaa, nikalizoea kama adhana ya jirani.

Halafu jibu likabadilika. Tarehe 4 Oktoba serikali ilitangaza marufuku ya kuficha uso kwa kutumia sheria ya dharura ya mwaka 1922, ya enzi za Mwingereza. (Miezi minne baadaye, kirusi cha korona kilipoingia, watu walewale walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri kununua barakoa. Sikuwepo tena kuona polisi wakizivaa.) Treni zote za mji zilisimama siku iliyofuata, maduka makubwa yakafunga, na usiku madirishani hawakusema tena ongezeni mafuta. Walisema “pingeni”. Novemba, baada ya mwanafunzi mmoja kufa kwa kuanguka kutoka ghorofa ya jengo la kuegeshea magari karibu na mahali polisi walipokuwa wakitawanya watu, nikasikia neno la tatu. Nilimuuliza mwenzangu. Akaangalia simu, akasema, “Lipizeni kisasi.”

Vitenzi vitatu kwa miezi mitatu. Sijui kama kuna mchambuzi aliyenieleza mgogoro ule vizuri kuliko lile dirisha. Na asiyetaka kujua angesikia kelele tu, angelalamika kwa mwenye nyumba.

Sitaki nieleweke kwamba mtaa ulikuwa na kauli moja. Huo ndio uongo ambao wanafunzi tuliupeleka makwetu. Yote yalianza na mswada wa kuruhusu watuhumiwa kupelekwa China bara kuhukumiwa, na vijana niliosoma nao waliuona kama mlango wa nyumba yao unang'olewa bawaba. Lakini Sham Shui Po imejaa waliohamia kutoka bara, wa zamani na wa juzi, na wapo waliowaona vijana hao kama watoto walioshiba. Mkahawa mmoja wa tambi ulibandika vikaratasi vya rangi ukutani, ukawa “wa njano”, wa waandamanaji. Ule wa kona ya pili ukawa “wa samawati”, wa polisi, na watu walianza kuchagua supu kwa siasa. Mzee wangu wa redio aliniambia kwamba binti yake hajala naye meza moja tangu Julai. Hakusema nani yuko upande gani, nami sikuuliza. Jinsi alivyokuwa akizungusha kitufe cha redio kila habari zilipoanza, akatafuta opera ya Kikantoni, niliona yatosha.

Kitu kingine sikukiona katika habari: juu ya mashine za tiketi za treni, watu waliacha sarafu. Kadi ya Octopus, iliyoanza 1997 na wanayolipia karibu kila kitu, huacha kumbukumbu ya kila ulikopita. Wenye hofu walinunua tiketi za safari moja kwa fedha taslimu, na wenye nazo waliwaachia wasio nazo. Sarafu zilikaa pale na hakuna aliyezizoa. Nilizitamani, nakiri. Ada yangu ya muhula ilikuwa ya mkopo.

Sasa nifike kwa Waswahili. Hatua chache kutoka msikitini lipo Chungking Mansions, jengo la orofa 17 lililokamilika 1961, ambalo mwanaanthropolojia Gordon Mathews aliliandikia kitabu baada ya kuhesabu mataifa 129 katika daftari za nyumba zake za wageni na kwa watu aliokutana nao humo. Simu nyingi zilizouzwa Kariakoo na River Road zilipita kwenye ngazi zake. Hapo chini, kati ya vibanda vya kubadilisha fedha na sambusa za Kihindi, nilikuwa nikienda kusikia Kiswahili tu, hata cha matusi.

Tarehe 16 Oktoba Jimmy Sham, mmoja wa viongozi wa muungano ulioandaa maandamano makubwa, alipigwa nyundo barabarani Mong Kok. Ilivuma kwamba waliompiga si Wachina. Wana sura za Asia ya Kusini. Basi ikasemwa kwamba Jumapili tarehe 20, maandamano yakipita barabara ya Nathan, watu watalipiza kwa Chungking na kwa msikiti. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, mtu wa maneno machache na kalkuleta, aliniambia, “Mdogo wangu, tangu lini siasa ikauliza pasipoti?” Miaka kumi na moja amekaa akisema haimhusu. Sasa ilikuwa inakuja barabarani kumtafuta.

Siku ilipofika, wenyeji wa Chungking walisimama mlangoni na maji. Wahindi, Wapakistani, Waafrika, wanagawa chupa kwa waandamanaji wanaopita, na umati ukawa unapiga makofi na kuimba. Yule wa Dar alishusha mlango wa duka lake akabeba katoni begani. Nilimuuliza amekuwa mwanasiasa lini. Akasema anagawa maji, si kura. Kulikuwa na hesabu ndani yake, bila shaka, ya kulinda mali. Sioni ubaya. Ujirani mwingi duniani huanzia kwenye hesabu.

Jioni gari la maji la polisi lilipita likimwaga maji yaliyotiwa rangi ya samawati na dawa ya kuwasha, ya kuwatia alama waandamanaji. Lilipofika mbele ya msikiti likamwaga kwenye geti na ngazi. Nje hapakuwa na maandamano ya maana, walikuwepo watu wachache tu. Nilifika baadaye kidogo, wakati watu wanasugua. Vijana wasiojua hata tunavua viatu wapi walikuwa wamepiga magoti na vitambaa, pamoja na wazee wa msikiti, na maji ya ndoo yalikuwa rangi ya wino. Kesho yake mkuu wa serikali ya Hong Kong, Carrie Lam, alikuja msikitini mwenyewe kuomba radhi. Ngazi zilisafishwa upesi, lakini katika viungo vya vigae rangi ilibaki siku nyingi, na soksi zangu za Ijumaa iliyofuata zilirudi na madoa.

Na nikiri kosa langu. Usiku ule nilirusha video ya gari lile kwenye kundi la familia. Ikasambaa hadi kwa watu nisiowajua, na maelezo yake yakawa “Uchina yavunja msikiti”. Nilijaribu kurekebisha: si Uchina bara, haukuvunjwa, wameomba radhi. Nani anasoma masahihisho? Miezi minne nilituma nyumbani moshi, mioto, na helikopta. Sikutuma hata picha moja ya foleni ya maziwa ya soya asubuhi baada ya gesi, watu wakipiga miayo, mama wa vifungo akifagia maganda ya risasi za plastiki pamoja na maganda ya machungwa. Mama alikonda kwa ajili yangu, na kosa lilikuwa langu, kwa kuchagua kitu kinachopigiwa “pole” nyingi. Anayekataa kujua mtaa hupotosha. Aliyeujua akatuma moshi peke yake amefanya kosa kubwa zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na la kusema.

Novemba vyuo viwili vikageuka uwanja wa vita, masomo yakasimamishwa mji mzima, wanafunzi wa kigeni wakaitwa makwao kundi kwa kundi. Mwenzangu wa Lahore aliondoka. Tiketi yangu ilikuwa ya Desemba na kuibadilisha kulitaka fedha, hivyo nikabaki na vitanda viwili.

Ndipo ulipofika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya, Jumapili tarehe 24 Novemba. Mabaraza yale hushughulika na mambo ya vituo vya basi na taa za barabarani, na kwa kawaida hayamkoseshi mtu usingizi. Mwaka ule walijitokeza asilimia 71 ya waliojiandikisha, na wapinzani wa serikali wakachukua mabaraza 17 kati ya 18. (Sheria ya usalama wa taifa ilikuja Juni 2020, na katika uchaguzi wa 2023, viti vya kupigiwa kura na wananchi vikiwa 88 tu kati ya 470, walipiga kura asilimia 27 na nusu.) Asubuhi ile foleni ilitoka shuleni, ikazunguka soko la samaki, ikapita chini ya dirisha langu. Ilikuwa kimya. Bibi wa debe alikuwemo, amekalia kigoda chake cha plastiki, akikisogeza hatua kwa hatua.

Nilishuka kutafuta chai. A Suk alikuwa amesimama nje ya kibanda chake na kitambulisho mkononi, akiangalia foleni, akiangalia bidhaa zake. Binti yake hakuja kumsaidia siku hizo. Akaniona.

“Rafiki,” akasema. “Kaa.”

Akanionyesha bei kwa vidole, akanipa kopo la chenji, akaenda. Hakusema anakwenda kumpigia kura nani, na aliporudi hakusema alimpigia nani. Alichukua saa mbili kasoro. Nilikaa kwenye kigoda chake katikati ya mtaa wa Apliu nikiwa na shati la maua, redio zinaongea Kikantoni pande zote, wateja wananitazama mara mbili kabla ya kuuliza. Niliuza chaja moja, betri nne, na bisibisi ambayo nadhani nilipunjwa. Alihesabu zile fedha, akacheka, akanipa kalamu ya leza kutoka chini ya meza, imefungwa kwenye gazeti.

Mama nilimwambia tu kwamba nilimsaidia mzee mmoja dukani.